Majina Kumi ya Watawa wa Kihindu

Ukikutana na jina Dayananda Saraswati, yule aliyeanzisha Arya Samaj huko Bombay mwaka wa 1875, usidhani Saraswati ni jina la ukoo. Ni jina la kundi la watawa. Makundi hayo ni kumi, nao huitwa Dashanami, yaani wenye majina kumi: Giri, Parvata, Sagara, Puri, Bharati, Saraswati, Tirtha, Ashrama, Vana na Aranya. Wafuasi husema ni Shankara aliyeyapanga.

Maana zake ndizo zinazonivutia mimi. Giri na Parvata ni mlima, Sagara ni bahari, Vana na Aranya ni msitu. Hebu fikiria, mtu anaacha jina la babake anaitwa mlima! Tena siku ya kuingia utawani hujifanyia ibada za mazishi yeye mwenyewe, angali hai. Ukoo, mali, tabaka, vyote eti vimekufa.

Basi mbona fimbo ya utawa, danda, hushikwa hasa na akina Tirtha, Ashrama na Saraswati, na kwa desturi lazima mwenye kuishika awe amezaliwa Mbrahmini? Wa matabaka mengine hupokelewa kwa akina Giri na Puri, bila fimbo.