Hopi Mbadala katika Upikaji wa India Pale Ale: Je, Kuna Visawe Kamili?

Utangulizi

Wahenga waliponena kwamba akosaye la mama hata la mbwa huamwa, walikiri jambo mawili kwa pamoja: kwamba binadamu hulazimika kubadilisha, na kwamba kibadala si sawa na kile kilichokosekana. Methali hii inaafiki hali ya mtu anayepika pombe nyumbani anapogundua kwamba aina ya hopi iliyotajwa katika maelezo yake haipatikani. Makala haya yananuia kufafanua namna mpika pombe huyo anavyoweza kuteua aina nyingine bila kuiharibu bia aina ya India Pale Ale, na mipaka ya uteuzi huo.

Hopi na Kazi Yake

Hopi ni ua la kike la mmea unaotambaa, uitwao Humulus lupulus kwa jina la kisayansi. Ndani ya ua hilo mna chembechembe za manjano zenye utomvu, yaani lupulini. Lupulini hubeba vitu viwili ambavyo ni sharti vitofautishwe tangu mwanzo. Cha kwanza ni asidi za alfa, ambazo huipa bia uchungu. Cha pili ni mafuta yanayonukia, ambayo huipa harufu na ladha.

Uchungu huo una kazi. Maji ya kimea ni matamu, na bila uchungu bia ingechosha ulimi. Isitoshe, asidi za hopi huzuia baadhi ya bakteria wanaoichachisha bia. Ndiyo maana bia zilizosafirishwa kutoka Uingereza hadi India katika karne ya 18 na ya 19, safari ya miezi kadhaa baharini, zilitiwa hopi kwa wingi. Jina la India Pale Ale lilitokana na biashara hiyo.

Bia hiyo ilipata uhai mpya nchini Marekani. Mwaka 1972 hopi ya Cascade, yenye nasaba ya Fuggle ya Uingereza, ilitolewa rasmi kwa wakulima. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao bila kutozwa ushuru. Cascade ilifuatwa na Chinook mwaka 1985 na Centennial mwaka 1990. Harufu ya balungi na msonobari inayotokana na hopi hizi ndiyo iliyokuja kuwa kitambulisho cha India Pale Ale ya Kimarekani.

Chanzo cha Kubadilisha

Tatizo la uhaba si la kinadharia. Mnamo Oktoba 2006 ghala moja la hopi liliteketea mjini Yakima, jimbo la Washington, na takribani asilimia 4 ya mavuno ya Marekani ikapotea. Wakati huo mavuno ya Ulaya yalikuwa hafifu, na wakulima wengi walikuwa wamepunguza mashamba kutokana na bei duni za miaka ya awali. Kufikia 2008 bei zilikuwa zimepanda mno, na wapika pombe wa nyumbani, ambao hawana mikataba na wakulima, ndio walioumia zaidi. Aidha, baadhi ya aina kama vile Citra zinamilikiwa kisheria, na mkulima hawezi kuzipanda bila idhini.

Kubadilisha kwa Ajili ya Uchungu

Swali la kwanza si "hopi gani inafanana na hii?" bali "hopi hii ilikusudiwa kutiwa lini?" Hopi inayotiwa mwanzoni na kuchemshwa kwa dakika 60 hupoteza karibu mafuta yake yote kwa mvuke. Kinachobaki ni uchungu, kwa kuwa joto hubadilisha umbo la asidi za alfa na kuziwezesha kuyeyuka. Hapa kibadala hupatikana kwa hesabu: uzito wa hopi ya awali huzidishwa kwa asilimia yake ya alfa, kisha jibu hugawanywa kwa asilimia ya alfa ya hopi mpya.

Tuseme maelezo yanataka gramu 30 za Cascade yenye alfa ya asilimia 6, na iliyopo ni Centennial ya asilimia 10. Gramu 30 mara 6 ni 180. Ukigawa kwa 10 unapata gramu 18. Kama iliyopo ni Chinook ya asilimia 12, gramu 15 zinatosha. Anayetia gramu 30 za Chinook pasipo kupiga hesabu atakuwa ameongeza uchungu maradufu, na kosa hilo halina dawa baada ya bia kuchachuka.

Ni muhimu kutambua kwamba asilimia hizi hubadilika kutoka mavuno hadi mavuno, na hupungua hopi inapozeeka. Kwa hiyo mpika pombe husoma kibandiko cha pakiti aliyonayo badala ya kutegemea jedwali la kitabuni. Pakiti iliyofunguliwa huzibwa barabara na kuwekwa kwenye jokofu la kugandisha.

Kubadilisha kwa Ajili ya Harufu

Hopi inayotiwa dakika za mwisho, au baada ya bia kuchachuka, huleta uchungu mdogo na harufu nyingi. Hapa hesabu ya alfa haifai kitu. Linalozingatiwa ni mafuta. Mirsini, ambayo hutawala katika hopi nyingi za Kimarekani, hunukia utomvu na majani mabichi. Humulini, iliyo nyingi katika hopi za kale za Ujerumani kama Hallertau, hukumbusha viungo na miti. Linaloli ipo pia katika mbegu za giligilani, na geranioli katika waridi.

Kwa mintarafu hii, Cascade na Centennial hubadilishana vizuri, kwani zote hunukia maua na balungi, ingawa Centennial ni kali zaidi. Kukosekana kwa Centennial kwaweza kuzibwa kwa kuchanganya Cascade na Chinook kidogo: ya kwanza huleta maua, ya pili nguvu na msonobari. Kinyume chake, kutia Hallertau mahali pa Citra, inayonukia maembe na ndimu, ni kutengeneza bia nyingine kabisa. Bia hiyo yaweza kuwa nzuri, lakini sifa iliyoahidiwa na jina haimo.

Hitimisho

Mwanafunzi wa semantiki atalitambua tatizo hili. Kufa na kufariki ni visawe, lakini mbuzi hafariki. Maana ya msingi hulingana huku matumizi yakikataa. Vivyo hivyo, hopi mbili zaweza kuwa kisawe kwa uchungu na zisiwe kisawe kwa harufu. Anayetaka kubadilisha hana budi kujua kwanza kile alichokosa kilikuwa kikifanya kazi gani.