Kupaki Basi: Ngome Tano Zilizoweka Rekodi

Timu inayojifungia nyuma na kushinda 1-0, je, inatawala mpira au inabahatisha? Mashabiki wamegombana miaka nenda rudi. Tuziache rekodi zishindane, kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza.

5. Ngome safi iliyorudi nyumbani mapema

Uswisi, Kombe la Dunia 2006: mechi nne, dakika 390, bao la kufungwa sifuri! Ikawa timu ya kwanza kutolewa kwenye mashindano hayo bila kuruhusu hata bao moja. Ukraine iliing'oa kwa penalti 3-0. Waswisi walipiga tatu, wakakosa zote. Ngome wanayo, utawala hawana.

4. Taifa moja, sifuri mbili

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote. AFCON 1992 nchini Senegal, Ivory Coast ilicheza mechi tano bila kufungwa, na yenyewe ikafunga mabao manne tu. Matatu kati ya hayo yalipatikana siku moja, dhidi ya Algeria. Mechi tatu ziliisha 0-0. Nusu fainali ikaenda penalti, fainali dhidi ya Ghana nayo ikaenda penalti, na kombe likapatikana kwa 11-10!

Miaka 20 baadaye, AFCON 2012, nchi hiyohiyo ikacheza mechi sita, dakika 570, tena bila kufungwa. Safari hii Drogba akakosa penalti katikati ya fainali, na Zambia ikabeba kombe kwa mikwaju 8-7 mjini Libreville. Wavu ni uleule mtupu, ila mmoja alivishwa taji na mwingine akalia. Ukuta peke yake humfikisha mtu hadi kwenye penalti. Zaidi ya hapo hauna ahadi.

3. Vichwa vitatu vya thamani kubwa

Ugiriki, Euro 2004. Kabla ya hapo haikuwahi kushinda hata mechi moja ya Kombe la Dunia wala Euro. Kocha Otto Rehhagel akawapanga nyuma, na kuanzia robo fainali matokeo yakawa 1-0, 1-0, 1-0, yote kwa vichwa. Ufaransa, bingwa mtetezi, ikaanguka, Czech ikafuata, kisha Ureno ikalizwa nyumbani kwake Lisbon, mbele ya watu zaidi ya 62,000, umati ambao Uwanja wa Benjamin Mkapa usingeutosha.

2. Lango lililofungwa muda mrefu

Sebastiano Rossi wa AC Milan alikaa dakika 929 za Serie A msimu wa 1993/94 bila kufungwa. Basi la Mwanza likitoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi, bao lingesubiri hadi saa 3:29 usiku. Edwin van der Sar wa Manchester United akamzidi msimu wa 2008/09: dakika 1,311 za ligi! Kwa basi lilelile, bao linaingia saa 9:51 usiku, abiria wameshalala majumbani mwao. Na wote wawili walitwaa ubingwa. Milan ilibeba wake kwa mabao 36 tu katika mechi 34.

1. Mfalme wa ngome

Chelsea ya Mourinho, 2004/05: mechi 38, mabao ya kufungwa 15. Yapakie kwenye matatu ya abiria 14, moja tu litabaki kituoni. Mechi 25 bila wavu kuguswa, kipigo kimoja msimu mzima, pointi 95. Wanaoiita timu ya kupaki basi wasome upande wa pili wa jedwali: mabao 72 ya kufunga! Uswisi na Ivory Coast ya 2012 zilikosa hicho tu, bao la mbele. Kwangu mimi kujihami ni utawala pale kunapokuwa na mfungaji, na kwa kipimo hicho Chelsea hii ni namba moja.