Injini ya Lori Ikinoki Kabla ya Waranti Kuisha

Lori la miwa la Awendo au la mchanga wa Homa Bay likinoki ndani ya muda wa waranti, muuzaji huweza kujibu kwa neno moja: limechezewa.

Yapo marekebisho yanayoua injini kweli. Fundi akiongeza dizeli ili lori livute mzigo mlimani, joto hupanda na pistoni huweza kuyeyuka. Akitoa themostati, mazoea ya gereji nyingi, injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, na dizeli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Lakini redio mpya haihusiani na pistoni. Mtake muuzaji aandike ni badiliko gani lililoleta hitilafu, na kwa sharti lipi la waranti.

Injini isifunguliwe kabla wewe au fundi wako kufika. Weka risiti za sevisi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Msipoelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Hasara ikizidi hapo, nenda mahakama ya hakimu.