Jani Kavu na Kuvu: Idara ya Botania Ilivyokua

Ihumwa, jijini Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma ni majirani. Chuo hicho, ambacho wengi hukiita UDOM, kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga kwa lengo la kufikia wanafunzi 40,000. Kijana wa Ihumwa anayetaka kujua kwa nini zabibu zinavaa unga mweupe, au kwa nini karanga zilizokaa ghalani zinageuka chungu, leo anaweza kusomea biolojia bila kuhama nyumbani. Wazazi wake hawakuwa na nafasi hiyo. Enzi zao, aliyetaka kusomea kilimo aliishia Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na aliyetaka kusoma mimea na vijidudu kama sayansi alishuka mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maarufu kama Mlimani.

Huko Mlimani Kitivo cha Sayansi kilifunguliwa mwaka 1965, wakati chuo bado ni tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Botania ilikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Nchi changa ilihitaji walimu wa sekondari, na ilihitaji watu wa kuijua misitu yake. Kazi ya mwanzo haikuwa na makeke: kwenda porini, kukata tawi lenye ua au tunda, kulilaza kati ya magazeti, kulibana, kulikausha, kisha kulibandika kwenye karatasi ngumu na kuandika lilikotoka na tarehe. Makabati ya majani makavu yakaongezeka hadi kuwa hebaria, yaani maktaba ya mimea.

Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kuidharau. Lakini kabla ya hapo majani makavu ya Tanzania yalisomewa mbali. Katika miaka ya 1920 na 1930 mtaalamu Mwingereza B. D. Burtt, aliyekuwa katika idara ya serikali ya kikoloni iliyopambana na mbung'o, alizunguka Kondoa, Singida, Manyoni na Dodoma akikusanya mimea. Ili kumdhibiti mbung'o ilibidi kwanza kujua anajificha kwenye vichaka gani. Burtt alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, na maelezo yake juu ya uoto wa nyanda za kati yalichapishwa baada ya kifo chake. Hata leo mtafiti anayetaka kuziona sampuli zake hulazimika kuzitafuta katika hebaria ya Kew, Uingereza, na katika hazina nyingine.

Hebaria ya Mlimani ilianza kuligeuza jambo hilo. Leonard Mwasumbi, aliyeitunza kwa miaka mingi, alikusanya mimea kwa bidii hata mti mmoja wa jamii ya mstafeli ukapewa jina lake, Xylopia mwasumbii. Sampuli za watu kama yeye ziliingia katika orodha kubwa ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa na aina zaidi ya 12,000. Miaka sitini! Waliokuwapo mwanzo wengi wao hawakuuona mwisho.

Sasa vijidudu viliingiaje katika idara ya botania?

Viliingia kwa sababu ya hesabu ya zamani. Kwa karne mbili wanasayansi waliugawa uhai mafungu mawili tu, wanyama na mimea. Kilichokuwa hakitembei wala hakina mdomo kilitupwa upande wa mimea: uyoga, ukungu, mwani, hata bakteria. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker alichapisha mgawanyo uliozipa kuvu himaya yake peke yake. Kufikia hapo vyuo vingi duniani vilikuwa vimezoea kufundisha kuvu, mwani na bakteria chini ya paa la botania, na Mlimani haikuwa tofauti.

Paa hilo lilizaa matunda. Keto Mshigeni, mwanabotania wa Mlimani aliyechukua shahada ya uzamivu Hawaii, alijikita katika mwani wa pwani ya Tanzania wakati watu wengi wakiuona kama uchafu wa baharini. Alisisitiza kwamba unaweza kulimwa na kuuzwa. Kilimo cha biashara kilishika Zanzibar kuanzia mwaka 1989, kwenye vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wanawake ndio waliokibeba. Kuna jambo dogo la kufurahisha hapa: agari, ule utelezi ulioganda ambao maabara zote duniani huoteshea bakteria, hutokana na aina fulani za mwani. Aliyependekeza utumike alikuwa Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mtafiti mmoja wa Ujerumani, mwaka 1881, kwa kuwa aliuzoea jikoni kwake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kitengo cha mikrobiolojia tumizi ndani ya idara ya botania, ambacho jina lake linakwenda pamoja na la Profesa Amelia Kivaisi. Hapa swali halikuwa tena "huyu mdudu anaitwaje" bali "anaweza kufanya kazi gani". Mkonge ulitoa mfano mzuri. Katika jani la mkonge nyuzi ni asilimia nne hivi. Mengine yote hutupwa, na kwa miaka mingi yalitiririkia mitoni Tanga. Watafiti wa Mlimani walichunguza bakteria wanaogeuza mabaki hayo kuwa gesi, na uyoga unaoweza kuota juu yake. Mwaka 2008 mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge ulizinduliwa Hale, wilayani Korogwe. Kivaisi aliandika pia juu ya kusafisha majitaka kwa kutumia mabwawa ya matete, njia isiyodai umeme wala mashine za bei mbaya.

Fedha nyingi za kukua huko zilitoka nje. Kupitia mpango wa BIO-EARN, ulioanza mwaka 1999 kwa msaada wa Sweden, watafiti wa Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia walisomeshwa bioteknolojia na kupata vifaa. Si jambo la kubeza, lakini mashine ikinunuliwa na mradi, mradi ukiisha nani ananunua kemikali zake? Hata hivyo watu waliosomeshwa walibaki, na hatimaye Mlimani ikawa na idara ya pekee ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia, kando ya botania.

Dodoma inazihitaji elimu zote mbili, ya mimea na ya vijidudu. Mvua ya hapa ni ya msimu mmoja, na mahindi yaliyopigwa na ukame hushambuliwa kirahisi na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, ambayo hutengeneza sumukuvu. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula cha karanga. Mwaka 2016 iliwafikia watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto: wagonjwa 68 waliandikishwa, 20 wakafariki. Macho yao yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji. Mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa chanzo.

Dawa mojawapo iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, Aflasafe TZ01, inaonyesha kwa nini kuzijua kuvu kwa majina na tabia si anasa ya wasomi. Watafiti walitafuta katika mashamba ya Tanzania aina za kuvu hiyohiyo zisizo na uwezo wa kutengeneza sumu. Zikapakwa juu ya punje za mtama uliokwisha uawa kwa joto usiote. Mkulima humwaga kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu isiyo na sumu hula mtama, huzaana, na kuwahi nafasi kabla ya ile yenye sumu kufika. Mahindi yakishavunwa, bado lazima yaanikwe juu ya turubai badala ya udongo na yakauke sawasawa, maana ghala lenye unyevu linaweza kuharibu kazi yote ya shambani.