Mama Mkwe, Mtori na Kilabu cha Mbege

Ukiolewa na kitinda mimba wa Kichagga, jua umeolewa na kihamba pia. Kwa mila yao, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki kwa baba. Wa kwangu anafanya kazi benki Dar, mimi pia ni mtu wa ofisini, lakini kihamba kiko pale pale Old Moshi. Na ndani yake kuna kitu ambacho sikuambiwa wakati wa uchumba: hoteli.

Usifikirie vyumba na kiyoyozi. Ni banda la mbao, mabenchi, sufuria ya mtori na mapipa ya mbege. Alianzisha bibi yake mume wangu, akapokea mkwewe, yaani mama mkwe wangu. Unaona foleni inaelekea kwa nani?

Kwa kweli pale ndipo nilipoijua historia ya ukoo nilioingia. Dar kila mwenye duka tunamwita "Mangi". Old Moshi ukitaja Mangi, wazee wanaweka kata chini kwanza. Wao wanamkumbuka Meli, aliyenyongwa na Wajerumani hapo hapo tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata jamaa hai wa mafuvu matatu, hapa hapa Tanzania. Cha Meli hakikuwamo. Jamani, hebu fikiria kumsubiri marehemu zaidi ya miaka 120.

Hata hilo jina "Old" lina kisa. Reli ya kutoka Tanga ilipofika bondeni mwaka 1911, mji nao ukakua huko chini, penye stesheni. Huku juu wakabaki na migomba, kahawa na mbege yao.

Na mbege si mchezo. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zinachujwa. Ulezi unaloweshwa hadi uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, ndipo vyote vinachanganywa. Gome la msesewe linaleta ule uchungu. Hakuna kipimo kilichoandikwa popote, mama anaonja tu.

Desemba iliyopita alituita jikoni. Magoti yanamsumbua, kuni zinapanda bei, na vijana wanataka bia ya chupa.

"Tuajiri mtu, Mama," mume wangu akasema.

"Huyo mtu akionja, ataonja kwa ulimi wa nani?" Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, sikulazimishi. Ila niambie mapema, nisije nikafa nasubiri."

Njia nzima ya kurudi Dar tulibishana, mpaka Korogwe hatukuwa tukiongea. Yeye anaogopa nitaacha kazi halafu nimlaumu. Mimi niliudhika kwamba urithi ni wake lakini mikono ya kukoroga ni yangu. Basi tumekubaliana: nikijifunza mimi, naye anajifunza, tena anaanza na mtori.

Juni tunachukua likizo wiki tatu. Mama kaagiza nije na khanga mbili za zamani, na kucha za bandia nizibandue kabisa kabla sijapanda basi.