Shamba Lililo Ndani ya Kichuguu

Tuseme umevunja kichuguu kikubwa hapa Sekenke, wilayani Iramba, ukachimba chini ya ukuta wake mgumu. Utakuta masega ya kahawia, mepesi, yenye mikunjo mingi, na juu yake vipunje vyeupe vinavyotoshana na kichwa cha pini. Hilo ni shamba. Mwenyewe ni mchwa, na zao lake ni kuvu aitwaye Termitomyces.

Tumezoea kusema mchwa anakula mti. Ukweli ni kwamba mchwa wa vichuguu hivi, Macrotermes, anamtegemea kuvu amlainishie mti huo. Wafanyakazi vijana humeza nyasi kavu na vipande vya mti pamoja na vile vipunje vyeupe, vilivyobeba vijimbegu vya kuvu. Chakula hicho hupita tumboni upesi, kikatolewa kama kinyesi juu ya sega. Humo kuvu huota na kuvunjavunja sehemu ngumu za mti. Sega likikomaa, wafanyakazi wazee hulila kutoka chini, huku vijana wakizidi kuongeza juu. Shamba linataka joto la nyuzi 30 hivi, unyevu na ulinzi: mchwa wakiondoka, ukungu mwingine hulivamia sega kwa siku chache tu.

Huko Amerika wapo sisimizi wanaolima kuvu vilevile. Hawana undugu wa karibu na mchwa, ambaye ni wa ukoo wa mende. Kila mmoja alianza kilimo kivyake, na ushahidi wa mchwa uko kwetu: mwaka 2016 watafiti walitangaza viota vya mchwa vilivyogeuka mawe katika Bonde la Ufa la Rukwa, masega yakiwa bado ndani. Vina umri wa miaka milioni 25 hivi. Binadamu amelima kwa miaka kama 12,000.

Kwa eneo la dhahabu kama Sekenke, lipo jambo jingine. Mchwa akichimba kutafuta maji na udongo wa kujengea, hupandisha chembe kutoka chini sana. Ndiyo maana wanajiolojia wanaotafuta dhahabu Afrika hupima udongo wa vichuguu.

Mvua zikinyesha, kumbikumbi huruka kwenda kuanzisha makao mapya. Wa jamii nyingi hawabebi kuvu. Wafanyakazi wao wa kwanza huokota vijimbegu vilivyomwagwa na uyoga wa kuvu huyohuyo uliochipuka kwenye vichuguu vingine. Kwa hiyo ukienda kuchuma uyoga wa kichuguu, usiumalize wote: bakiza kiasi ufunguke kabisa, na kichuguu chenyewe usikifukue.