Baiskeli ya mzigo na watembea kwa miguu: Ajali moja humaliza mtaji

DAGAA wa Goziba husafiri mbali kabla ya kufika jikoni. Kutoka kisiwa hicho cha wilaya ya Muleba huvuka Ziwa Victoria kwa boti, na wale wanaoshushwa Bukoba hubakiwa na safari moja ndogo, ya kutoka mwaloni hadi sokoni. Hicho ndicho kipande kifupi kuliko vyote, lakini ndicho chenye watu wengi. Gunia hufungwa kwenye keria ya baiskeli na kuingizwa katikati ya wanafunzi, kina mama wenye beseni kichwani, wapiga debe na pikipiki.

Upande mwingine wa mji, ndizi za wakulima hushuka kutoka Rwamishenye. Usukani wa baiskeli ya kawaida una upana wa kama sentimita 60, lakini ikishafungwa mikungu pande zote mbili, upana hukaribia mita moja. Mwenyewe akishuka na kuikokota, anaongeza nafasi yake pembeni. Penye ukingo mwembamba wa barabara, anayekuja mbele hana pa kupita isipokuwa kuingia barabarani au kuruka mtaro.

Mteremko nao una hesabu zake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka kama mara nne. Hapo ni kama breki zipo. Wako wanaotegemea soli ya kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi, na mvua ikinyesha, soli hiyo haikamati kitu. Breki mbili nzima, za mbele na nyuma, ni rahisi kuliko mkungu mmoja uliopondeka, achilia mbali mguu wa mtu.

Wachuuzi wengi hawafikirii suala la bima mpaka yawakute. Sheria ya Tanzania inamlazimisha mwenye gari au pikipiki kukata bima ya kufidia watu wengine, lakini baiskeli haimo. Mwendesha baiskeli akimvunja mtu mguu, hakuna kampuni ya kumbebea deni. Gharama za matibabu zinaweza kutoka kwenye fedha ya kununulia mzigo unaofuata. Na wakati shauri linazungumzwa, ndizi zinaiva juani.

Sheria za barabarani zimegawa nafasi vizuri tu. Baiskeli ni chombo cha usafiri, hukaa kushoto kama magari. Pasipo na njia yake, mtembea kwa miguu hupita kulia ili aone kinachomjia. Wakizingatia hayo, wawili hao hukutana uso kwa uso na kila mmoja anamwona mwenzake. Ajali ya kugongwa kwa nyuma, usiku, na baiskeli isiyo na taa wala kengele, ndiyo isiyo na utetezi.

Lakini kugawa njia peke yake hakutoshi. Jijini Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka kati ya Kimara na Kivukoni, ulioanza kutoa huduma Mei 2016, ulijengwa pamoja na njia za waendao kwa miguu na baiskeli. Haikuchukua muda bodaboda wakazifanya za mkato, na wamachinga wakapanga bidhaa juu yake. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Mfanyabiashara aliyepanga nyanya njiani alikuwa anamsukuma barabarani mteja wake mwenyewe, pamoja na baiskeli iliyomletea nyanya hizo.

Kwa miji kama Bukoba, njia isiyohitaji kununua ardhi ni kufunika mitaro kwa mabamba ya zege na kuacha watu wapite juu yake. Penye soko, mwenye baiskeli ashuke na kukokota. Mzigo usizidi upana wa usukani hata kama hilo litamlazimu kurudi mara mbili.

Kurudi mara mbili ni muda, na hapo ndipo wachuuzi hugoma. Boti ya dagaa ikifika alfajiri, njia ni nyeupe na safari mbili si tatizo. Upepo ukiichelewesha, magunia hushushwa saa moja na nusu asubuhi, wanafunzi wakiwa wamejaa njiani na mnunuzi wa jumla akiwa tayari anapiga simu.